Winchi ya Umeme ya Kunyanyulia Mizigo: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Katika lugha ya kila siku neno "winchi" hubeba vifaa viwili visivyo na kazi moja. Kipo kile kinachofungwa mbele ya gari ili kulivuta litoke matopeni, na kipo kile kinachotundikwa juu ili kunyanyua mzigo kutoka sakafuni. Dukani vyote viwili huweza kukaa rafu moja. Tunaanza na jambo hili kwa sababu kuvichanganya ni kosa la hatari kuliko mengine yote tutakayoyaeleza. Winchi ya kuvutia haikuundiwa breki ya kushikilia mzigo unaoning'inia hewani. Tena, nguvu iliyoandikwa juu yake ni ya tabaka la kwanza la kamba kwenye pipa lake, na hupungua kila tabaka linapoongezeka. Mwenye karakana anayeitundika darini ili kutolea injini za malori anawaweka mafundi wake chini ya kitu ambacho mtengenezaji mwenyewe hakukikusudia kazi hiyo.

Makala haya yanahusu kifaa cha pili. Tunawaandikia wenye karakana, viwanda vidogo, maghala na yadi za mawe, ambao aghalabu hununua winchi moja kwa fedha walizoziweka muda mrefu, na hawana mhandisi wa kuwashauri.

Jambo la kwanza ni uzito, na uzito haukisiwi kwa macho. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850 hivi. Kwa hiyo sahani ya chuma yenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 10, ambayo watu wawili huiegemeza ukutani bila kuitilia maanani, ina kilo zipatazo 226. Mnunuzi apime au akokotoe mzigo wake mzito kuliko yote, aongeze uzito wa minyororo na vifungio, ndipo achague kiwango kilicho juu ya hapo. Asinunue kwa kufuata mzigo wa kawaida, akitumaini kwamba ule mzito utanyanyuliwa mara moja tu kwa mwaka.

Kisha asome kibati cha maelezo kwa makini, maana hapo ndipo wengi hupotezwa. Winchi ndogo za umeme wa volti 230, zile zenye pipa fupi na kamba nyembamba ya waya, huandikwa viwango viwili, kwa mfano kilo 250/500. Si ajabu muuzaji akataja cha pili pekee. Kilo 500 hupatikana pale tu kamba inapopitishwa kwenye kapi la ziada na ncha yake kurudishwa kufungwa kwenye mwili wa winchi. Anayeitumia kwa kamba moja ana winchi ya kilo 250, hata kama risiti inasema vingine. Naye anayetumia kapi hupoteza nusu ya kimo na nusu ya mwendo: iliyokuwa ikipandisha mita 12 kwa mwendo wa mita 10 kwa dakika, sasa hupandisha mita 6 kwa mwendo wa mita 5.

Kwenye kibati hichohicho huwapo asilimia ambayo wanunuzi wengi huipita, nayo ndiyo inayoamua maisha ya mota. Asilimia 20 maana yake ni kwamba katika kila dakika 10, mota ifanye kazi kwa dakika 2 tu na kupumzika dakika 8. Tuichukue winchi yetu ya mfano yenye kapi. Kupandisha mzigo mita 6 kwa mwendo wa mita 5 kwa dakika huchukua sekunde 72. Kuishusha kulabu tena, sekunde 72 nyingine. Jumla ni dakika 2 na sekunde 24. Yaani safari moja tu ya kwenda na kurudi imekwisha kuvuka kiasi kinachoruhusiwa kwa dakika 10 nzima. Fundi anayeifanyisha kazi mfululizo kuanzia asubuhi hadi jioni ataiunguza, na dhamana haitamsaidia. Winchi za kiwandani hupangwa kwa madaraja, kwa mfano M3, M4, M5 na M6. Kadiri namba inavyopanda ndivyo zinavyostahimili kazi nyingi zaidi. Daraja la M5 kwa kawaida huendana na asilimia 40 na mawasho 240 kwa saa. Kwetu sisi, karakana yenye kazi ya kila siku ina faida zaidi kununua winchi ya daraja la juu yenye kilo chache za ziada kuliko winchi yenye tani nyingi na asilimia ndogo.

Kuhusu mnyororo au kamba ya waya, uamuzi si mgumu. Kwa mizigo isiyozidi tani chache na kimo cha kawaida cha karakana, winchi ya mnyororo hufaa zaidi: ni fupi, kulabu yake hupanda wima bila kuyumba kando, na mnyororo uliolainishwa kwa mafuta hudumu. Kamba ya waya hupendelewa kwa mizigo mizito, kimo kirefu na mwendo wa haraka. Zipo pia winchi zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ambazo hufaa penye mvuke wa rangi au vumbi linaloweza kulipuka. Zinahitaji kompresa kubwa.

Umeme nao una mambo yake. Winchi ya fezi tatu ikiungwa huku fezi mbili zimebadilishana, kitufe cha kupandisha hushusha, na swichi ya kikomo inayopaswa kuisimamisha kulabu juu inaweza isifanye kazi. Kwa hiyo baada ya kila ukarabati wa nyaya, ijaribiwe kwanza bila mzigo. Waya mrefu na mwembamba wa kuazimia umeme hupunguza volti na kuipasha mota joto. Na kwa kuwa umeme hukatika, mnunuzi amwombe muuzaji anyanyue mzigo mbele yake, kisha azime swichi kuu. Breki nzuri hukamata yenyewe umeme unapokosekana, na mzigo haushuki. Aulize pia namna ya kuuteremsha mzigo huo pasipo umeme.

Boriti inayoibeba winchi isisahaulike. Hubeba mzigo pamoja na uzito wa winchi yenyewe na troli yake, na kenchi za paa la bati hazikujengwa kwa ajili hiyo. Hapa tunasisitiza: mhandisi wa majengo alipwe aikague, hata kama winchi imekwisha kununuliwa.

Wakati wa kulipa, mnunuzi adai kitabu cha maelekezo, cheti cha majaribio chenye namba ileile iliyo kwenye kibati, na risiti inayotaja kiwango cha kilo kwa kamba moja. Winchi ya mtumba isiyo na kibati isinunuliwe kwa bei yoyote. Kwa Tanzania, mahali pa kazi husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na vifaa vya kunyanyulia hukaguliwa na OSHA. Mwenye karakana aombe ukaguzi kabla ya kuanza kuitumia winchi yake. Kulabu iliyofunguka, ulimi wake wa usalama uliovunjika, nyuzi za waya zilizokatika au pingili za mnyororo zilizorefuka ni sababu tosha ya kuizima siku hiyohiyo, na kuwapigia simu walioiuza wakati dhamana bado haijaisha.