Kobe Dume au Kobe Jike?

Wapo wanachama wenzetu wapendao kufuga kobe uani, na watoto wakisharudi kutoka Changuu hawana neno jingine. Basi twaulizwa mara kwa mara: achukuliwe dume au jike? Yafaa tulijibu swali hili, maana kobe si kuku, ukachoka naye ukamchinja. Huyu huenda akarithiwa na mjukuu wako.

Kwanza, kobe mchanga hatambulikani kwa macho. Ni kama mpapai: waupanda, waumwagilia, nao hausemi kitu mpaka utoe maua. Akuuziaye kobe wa ukubwa wa kiganja na kuapa kuwa ni jike, akuuzia kiapo. Wale kobe wakubwa wa Changuu, ambao asili yao ni wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, huchukua miaka 20 na zaidi hata kupevuka.

Akishapevuka, mwinue utazame chini. Dume gamba lake la tumbo limebonyea kwa ndani, apate kumpanda jike asiteleze, na mkia wake ni mrefu, mnene. Jike ni bapa tumboni, mkia mfupi. Tazama yote mawili, usitosheke na moja.

Hata wajuzi hukosea. Katika kisiwa cha St Helena alifikishwa kobe wa Shelisheli mwaka 1882, aitwaye Jonathan. Mwaka 1991 akaletewa mwenzi, akapewa jina la Frederica. Miaka 26 ikapita pasi na kitoto. Mwaka 2017 daktari wa wanyama alipomtazama Frederica kwa ajili ya kidonda cha gamba, akaona kuwa yaelekea ni dume!

Sisi twaona atakaye kobe mmoja tu achukue dume. Jike hutaga hata asipoonana na dume, mayai yasiyoangulika, na asipopata udongo laini wa kuchimba huweza kuyazuia tumboni hata yakamwua. Mwenye ua wa saruji asimchukue kabisa. Lakini madume wawili wasikae pamoja: husukumana na kupinduana, na aliyelala chali juani hafiki jioni. Na dume mmoja kwa jike mmoja ni taabu ya jike, hana pa kupumzikia. Heri majike wawili au watatu.

Haya yote ni baada ya ruhusa ya serikali, si kabla. Kasa wa baharini hafugwi, sheria yamlinda. Na kobe bapa wa majabali ya bara, ambaye aghalabu hutaga yai moja moja, tangu 2019 hairuhusiwi kumtoa mwituni kumfanyia biashara ya nchi za nje. Akiletwa mlangoni na mchuuzi, muulize karatasi zake kwanza, dume na jike baadaye.