Kijiji kinapogeuka mji: mchoro wa viwanja unavyogusa ujirani wako

Katika vijiji vingi vya kando ya barabara kuu siku hizi kuna dalili zinazofanana. Bei ya shamba inapanda. Kinafunguliwa kijiwe cha bodaboda, anakuja wakala wa pesa za simu, linajengwa duka la saruji na mabati. Kisha siku moja wanafika watu wenye kifaa cha miguu mitatu na vigingi vya zege. Ni wapima ardhi. Kijiji kizima kinageukia swali moja: kiwanja changu kitakuwa na ukubwa gani, na hati nitaipata lini?

Swali hilo ni la msingi. Lakini liko la pili ambalo mara nyingi huulizwa watu wakiwa wamechelewa: nje ya kiwanja changu kutabaki nini? Kutabaki njia ya kwenda kisimani? Kutabaki mahali pa gulio, pa kuweka turubai la msiba, pa watoto kucheza mpira? Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo la pili lina uzito sawa na la kwanza, na wapi pa kuliuliza.

Mchoro unaamua nini?

Mchoro wa mipango miji ni ramani inayoonyesha viwanja, barabara, njia za miguu, mitaro, na maeneo ya huduma kama shule, zahanati na soko. Mpima akishaupeleka ardhini na kusimika vigingi, mistari ile ndiyo inayoamua mtoto atapita wapi kwenda shule, mama lishe ataweka meza yake wapi, na jirani atakuwa umbali gani ukipiga yowe usiku.

Chukua mfano wa bomba la maji la kijiji. Likiwekwa pale njia za vitongoji zinapokutana, watu wa pande zote wanaonana kila siku. Hapo ndipo inapojulikana kwamba mzee fulani hajatoka ndani tangu juzi, au kwamba binti fulani anatafuta kazi. Baadaye kila nyumba ikivutiwa bomba lake, ndoo haibebwi tena, na hilo ni jambo jema. Lakini mahali pa kuonana pameondoka. Kama mchoro haukuacha pengine pa watu kukutana, pengo hilo halizibwi lenyewe.

Vijiji vyetu vilishapangwa mara moja

Mambo haya si mageni Tanzania. Novemba 1973, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Ndiyo iliyojulikana kama Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila familia karibu na shamba lake, walihamishiwa vijijini. Mara nyingi nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzito: watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwapelekea shule, zahanati na maji. Na kweli shule nyingi za msingi zilizopo vijijini leo zilipata nafasi kwa njia hiyo. Lakini mstari ule ule uliomsogeza mtoto karibu na shule ulimpeleka mzazi mbali na shamba. Mkulima aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani sasa alitembea mwendo mrefu na jembe begani. Nguruwe na nyani wakawa huru zaidi kwenye mazao yasiyo na mlinzi. Kuni karibu na kijiji zikaisha haraka, na ardhi iliyozunguka nyumba nyingi zilizobanana ikachoka. Baada ya miaka michache, sehemu nyingine watu walianza kurudi mahameni kimyakimya.

Funzo lililopo hapo linahusu umbali. Kila mpangilio unasogeza jambo moja karibu na kusukuma jingine mbali. Anayechora asipojua siku ya mwanakijiji inavyokwenda, tangu alfajiri hadi jioni, atasukuma mbali kile ambacho familia inakitegemea.

Baraza na ua wa Kariakoo

Tuje mjini. Kariakoo ya Dar es Salaam inajulikana na kila mfanyabiashara wa kijijini aliyewahi kufuata mzigo. Mitaa yake iliyonyooka ilichorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita, na watu wakalitamka jina hilo kwa namna yao: Kariakoo.

Nyumba ya kawaida ya hapo ilikuwa na ukumbi mwembamba katikati na vyumba pande mbili, mara nyingi vitatu kila upande. Nyuma kulikuwa na ua wenye jiko, bafu na choo. Mbele, upande wa mtaa, kulikuwa na baraza.

Nyumba hiyo ilifanya kazi zaidi ya kulaza watu. Barazani wazee walikaa, wakacheza bao, wakamwona kila anayepita. Mgeni asiyejulikana aliulizwa anamtafuta nani. Uani wanawake walipika, wakafua, wakaangaliana watoto. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kwa hiyo mjane aliyeachiwa nyumba alikuwa na kipato, na kijana aliyetoka kijijini alipata chumba cha bei anayoiweza pamoja na watu wa kumwelekeza.

Kuanzia miaka ya 1990, baada ya biashara kufunguliwa, nyumba hizo zilianza kubomolewa na kujengwa maghorofa. Wako wamiliki waliouza na kuhamia pembezoni mwa mji. Wako walioingia ubia na mjenzi: wao walitoa kiwanja, yeye akatoa fedha, kisha wakagawana ghorofa. Thamani ya ardhi ilipanda, na maduka yakaongezeka sana. Lakini baraza liliondoka, kwa sababu kila hatua ya upande wa mtaa sasa ni mlango wa duka. Ua uliondoka pia. Nyumba nyingi zilizokuwa na wapangaji wa vyumba zimekuwa maduka na stoo za mizigo.

Hakuna sheria iliyowakataza watu kuketi pamoja na kujuliana hali. Ila mahali walipofanyia hivyo pameondoka.

Kupanga upya bila kupoteza watu

Haimaanishi kwamba ghorofa ni baya au kwamba nyumba za zamani zisiguswe. Ardhi ya mjini ni chache, na nyumba nyingi za zamani zimechakaa. Swali ni kama wakazi wa zamani wanabaki humo.

Mfano mmoja ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Nyumba chakavu za kota zilivunjwa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa mapya yaliyojengwa kwa ajili ya familia 644 zilizokuwa zikiishi pale. Kurudishwa mahali pale pale kuna maana kubwa: watoto, wateja na marafiki hawaanzi upya. Hata hivyo, maisha ya ghorofani yana kanuni zake. Hakuna ua wa kufugia kuku wala wa kuchomea mahindi ya kuuza. Ngazi, pampu ya maji na taa za njiani ni mali ya wote, kwa hiyo lazima watu wachange na wakubaliane nani anasimamia. Ujirani uliokuwa ukienda kwa mazoea sasa unahitaji kikao.

Uwanja mtupu si ardhi ya bure

Karibu na Kariakoo kuna uwanja wa Mnazi Mmoja. Serikali ya kikoloni iliacha uwanda huo wazi kwa lengo baya: kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na sehemu za mji walikokaa Wahindi na Wazungu. Leo pale pale ni mahali pa mikusanyiko, pa sherehe na pa mtu kupumzika kivulini. Eneo lililobaki wazi liliweza kupata kazi mpya, na lingejengwa, nafasi hiyo isingekuwepo.

Vijijini eneo la wazi ndilo hupotea mapema. Halina mwenyewe wa kulipigania, linaonekana kama limekaa bure, na kila mwenye haja ya kiwanja analiona. Leo linamegwa kidogo kwa ajili ya ofisi, kesho kibanda, keshokutwa gereji. Likiisha, kulirudisha kunahitaji kununua au kubomoa, na hakuna halmashauri inayofanya hivyo kwa urahisi.

Barabara inaleta wateja na kugawa kijiji

Jambo la kwanza kwa kijiji cha kando ya barabara kuu ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama za X unazoziona kwenye kuta. X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani ya mita 22.5, ambalo mwenyewe hastahili fidia. X ya kijani huwekwa kwenye jengo lililokuwepo kabla ya sheria hiyo, ndani ya mita 7.5 zilizoongezwa, na mwenyewe anastahili kulipwa eneo likihitajika.

Jambo la pili halichorwi ukutani. Shule ikiwa upande mmoja wa barabara na nyumba nyingi upande wa pili, kila mtoto anaivuka mara mbili kwa siku. Magari yakiongezeka na mwendo ukapanda, kijiji kimoja kinakuwa viwili. Wazee wanaacha kuvuka kwenda kuwasalimu wenzao. Kwa hiyo mchoro unaofaa hupeleka soko, shule na zahanati kwenye barabara ya ndani, hatua kadhaa kutoka barabara kuu.

Maji yanakumbuka njia yake

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, na watu wapatao 40 wakafariki. Waliokuwa wakiishi bondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji upande wa kaskazini. Viwanja vilikuwa salama, lakini vilikuwa mbali na vibarua, genge na wateja waliowalisha. Wako waliorudi bondeni, wakijua hatari yake.

Hapo kuna mambo mawili kwa kijiji kinachokua. Kwanza, korongo lililo kavu miezi minane bado ni njia ya maji, lisikatwe viwanja. Pili, ukimhamisha mtu bila kufikiria anapata wapi riziki yake, umemhamisha nusu.

Wapi pa kusema, na useme nini

Ardhi ikiwa bado ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamke na mwanamume. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji nao hupitishwa hapo. Eneo likishatangazwa kuwa la upangaji mji, inaanza kutumika Sheria ya Mipangomiji Namba 8 ya mwaka 2007, na uamuzi unasogea kwenda halmashauri ya wilaya au ya mji. Kwa hiyo wakati mzuri wa kusema ni mapema, kabla ya vigingi.

Mwombe mtendaji wa kijiji mchoro ubandikwe ukutani, na afisa mipango miji aje kuusoma mbele ya watu. Kisha ulizeni haya:

Njia za miguu tunazotumia sasa kwenda kisimani, shuleni, msikitini, kanisani na makaburini ziko wapi kwenye mchoro huu?

Eneo la wazi ni lipi, lina ukubwa gani, na limeandikwa kwa jina la nani?

Gulio litakuwa wapi, na wenye meza ndogo wana nafasi au ni wenye fremu za maduka peke yao?

Mifugo itapita wapi kwenda malishoni na kwenye maji bila kuingia mashambani?

Maji ya mvua yatashuka kupitia wapi?

Gari la wagonjwa au la zimamoto linaweza kufika nyumba ya mwisho?

Nani anapoteza ardhi kwa ajili ya barabara, na atafidiwa nini?

Swali la mwisho linahitaji moyo. Mara nyingi barabara ya mtaa haipatikani mpaka majirani wakubali kila mmoja kutoa hatua chache. Anayekataa anaokoa kipande kidogo leo, lakini siku akiugua usiku, gari litaishia mbali na mlango wake na majirani watambeba kwa machela. Wakikubaliana wote mapema na makubaliano yakaandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, hakuna wa kumlaumu mwenzake baadaye.

Kama mkutano mkuu wa kijiji chenu haujaitishwa muda mrefu, anza hapo. Kwa kawaida unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwulize mwenyekiti wako wa kitongoji wiki hii tarehe ya mkutano ujao ni lini, na kama suala la viwanja limo kwenye ajenda.