Gramu 12 za laktosi: hesabu ya yogati na tumbo linalojaa gesi

Kikombe kimoja cha maziwa, mililita 250, kina takriban gramu 12 za laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa. Mtu anayelalamika kwamba maziwa humjaza gesi mara nyingi huambiwa ale yogati, lakini haambiwi ni yogati ipi wala kiasi gani. Majibu ya maswali hayo yamo kwenye namba.

Laktosi haisharabiwi ikiwa nzima. Ni lazima kimeng'enya kiitwacho laktesi kiikate vipande viwili kwenye utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele, ila kwa watu wengi hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa asilimia 68 ya watu duniani hawaisagi laktosi yote. Inayobaki huvuta maji, hushuka kwenye utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria wa huko, ambao hutoa haidrojeni na gesi nyingine. Hapo tumbo hunguruma na kujaa, na wengine huharisha.

Afrika Mashariki ina hesabu yake. Mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta mabadiliko ya jeni yanayowawezesha watu, hasa wa jamii za wafugaji, kuendelea kutengeneza laktesi ukubwani. Moja ya mabadiliko hayo lilikadiriwa kuzuka kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, tena kivyake, bila kutokana na badiliko kama hilo la Ulaya. Ndiyo maana watu wawili wa mji mmoja wanaweza kunywa maziwa yaleyale, mmoja akalala salama na mwingine akakesha na tumbo. Hakuna mgonjwa kati yao.

Wala asiyeisaga laktosi vizuri hana sababu ya kuyakimbia maziwa kabisa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihitimisha kuwa wengi wa watu hao huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja bila dalili, au kwa dalili ndogo. Chai yenye mililita 100 za maziwa ina gramu 5 hivi. Nusu lita ya maziwa inayonywewa kwa mkupuo ina gramu 24, na hapo ndipo wengi huanza kuumia.

Yogati husaidia kwa njia mbili. Kwanza, bakteria wake hula sehemu ya laktosi wakati maziwa yanaganda, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30. Gramu 12 za kikombe hushuka hadi kati ya 8 na 10, ingawa kiwanda kikiongeza maziwa ya unga, laktosi hupanda tena. Pili, na hili ndilo kubwa, bakteria hao hufika utumboni wakiwa na kimeng'enya chao, kikaendelea kukata laktosi humo ndani. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1984, watu wenye upungufu wa laktesi walipewa gramu 18 za laktosi. Walipoipata kwenye yogati, haidrojeni katika pumzi zao ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile iliyotoka walipoipata kwenye maziwa.

Kazi hiyo inahitaji bakteria wengi walio hai. Mamlaka ya Ulaya iliweka kiwango cha angalau milioni 100 kwa kila gramu, kwa hiyo kikombe cha gramu 200 kinapaswa kubeba bilioni 20. Yogati iliyochemshwa baada ya kuganda ili ikae muda mrefu rafuni hupoteza sehemu kubwa ya msaada huo. Tafuta kwenye lebo maelezo kwamba bakteria wako hai. Maziwa lala na mtindi wa kienyeji mara nyingi hugandishwa na bakteria wa aina nyingine. Laktosi hupungua humo pia, lakini kiwango hiki kiliwekwa kwa bakteria wa yogati.

Angalia pia sukari. Yogati isiyoongezwa kitu huwa na kama gramu 5 za sukari kwa kila gramu 100. Lebo ikisema 15, basi gramu 10 zimeongezwa, na kikombe cha gramu 250 kimekupa gramu 25 za ziada. Hicho ni nusu ya kikomo cha takriban gramu 50 kwa siku ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikivuke.

Sasa mfukoni. Tuchukue bei za mfano: lita ya maziwa shilingi 2,000 za Tanzania, na kikopo cha yogati cha mililita 250 shilingi 1,500. Lita ya yogati ya dukani inafika 6,000. Ukitengeneza nyumbani unahitaji maziwa ya 2,000, vijiko viwili vikubwa vya yogati hai kama mbegu, vyenye thamani ya 180, na mkaa wa 500. Jumla ni 2,680, chini ya nusu. Weka bei za mtaani kwako uone. Maziwa yachemshwe kwanza, kwa sababu kuganda peke yake hakuui vijidudu vya ugonjwa wa bruselosi. Yakipoa hadi nyuzi 43 hivi, tia mbegu, funika, yaache kwenye joto saa 6 hadi 8.

Anza na nusu kikombe pamoja na chakula, ambayo ni gramu 4 hadi 5 za laktosi, kwa siku kadhaa. Tumbo likitulia, panda hadi kikombe kizima. Likiendelea kujaa hata kwa kiasi hicho, huenda chanzo si laktosi, na kuongeza yogati hakutakusaidia. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au ukiharisha kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ukapimwe.