Maneno huumba: Tasfida za Japani na za mitaa yetu

Waswahili husema maneno huumba. Anayeutumia msemo huu aghalabu huwa anamkanya mwenzake asilitaje balaa, lisije likamfika. Nchini Japani imani kama hiyo ina jina lake, kotodama, yaani roho iliyomo ndani ya neno. Dhana hiyo inapatikana katika Man'yoshu, diwani kongwe ya mashairi ya Kijapani iliyokusanywa katika karne ya nane. Kwa mujibu wake, jambo jema likitamkwa huvutwa karibu, na ovu vilevile.

Katika makala haya nataka tuutazame mwiko wa maneno kwa jicho la isimujamii. Swali langu ni moja: tukilificha neno, tunamkinga nani na tunamwangamiza nani?

Tuanze Ise, kwenye madhabahu makuu ya dini ya Shinto. Hapo zamani, binti wa ukoo wa kifalme ambaye hajaolewa alitumwa kuhudumu huko kwa niaba ya mfalme. Kanuni za Engishiki, zilizokamilika mwaka wa 927, zilipiga marufuku maneno kadhaa katika makao yake. Kufa kuliitwa kupona. Ugonjwa uliitwa mapumziko, damu ikaitwa jasho, nyama ikaitwa uyoga na kaburi likaitwa bonge la udongo. Mtawa wa Kibudha, ambaye hunyoa kichwa, eti aliitwa mwenye nywele ndefu! Kulitaja najisi mahali patakatifu kulionekana kama kulileta lenyewe.

Mambo hayo hayajaisha. Katika Kijapani, nne hutamkwa 'shi', sawa na neno la kifo, na ndiyo maana hospitali nyingi huiruka nambari hiyo zinapohesabu vyumba. Harusini nako, mgeni anayetoa hotuba hukwepa vitenzi kama 'kukata' na 'kuachana'.

Usicheke, msomaji wangu. Kawangware iko Dagoretti, ardhi ya kale ya Wakikuyu. Mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi walikuwa kumi, lakini simulizi husema 'kenda mũiyũru', yaani tisa kamili, kwa kuwa ilikuwa mwiko kuwahesabu watoto wa mtu kwa idadi yao halisi. Mjapani anaiogopa nne, Mkikuyu anaizunguka kumi. Hofu yao ni ile ile.

Kiswahili chenyewe kimejaa tasfida. Kitenzi 'fariki' kinatokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuachana au kutengana. Kilianza kama pazia la kukifunika kifo, na sasa ndicho kifo chenyewe. 'Marehemu' naye kiasili ni mtu aliyerehemiwa. Hivi ndivyo tasfida zilivyo: huchakaa kama nguo, halafu jamii hutafuta pazia jipya. Kumbe mwiko ni kiwanda cha msamiati!

Hadi hapo hakuna ubaya. Tasfida ni adabu, na kumfariji mfiwa kwa neno laini ni utu. Hatari huanza pale neno linapouficha ugonjwa.

Hebu tuelekee Kibera, mtaa ulioanzishwa na askari Wanubi na ambao leo ni maskani ya Waluo, Waluhya, Wakamba na wengineo wengi. Ukimwi ulipoenea nchini, Waluo wengi waliufasiri kuwa chira, maradhi ya kudhoofika yanayompata aliyekiuka mwiko wa jadi. Dalili zilifanana, hasa kukonda. Wengine waliuita 'ayaki'. Katika lugha ya mitaani, iwe Kibera au Kawangware, mgonjwa alisemekana 'ana mdudu'. Sasa basi, jina huelekeza miguu. Aliyeambiwa ana chira aghalabu alitafuta wazee na dawa ya manyasi kabla ya kufikiria kipimo cha damu. Aliyeambiwa ana mdudu alijifungia nyumbani kwa aibu. Wahenga walituonya: mficha maradhi kilio humfichua.

Je, dawa ni kuyavua maneno yote nguo? La hasha. Wajapani wenyewe wametupa somo. Ugonjwa wa akili unaojulikana kitaalamu kama skizofrenia ulikuwa na jina la Kijapani lenye maana ya akili iliyopasuka. Jina hilo lilitisha kiasi kwamba madaktari wengi hawakumwambia mgonjwa anaugua nini. Mwaka wa 2002 chama cha madaktari wa maradhi ya akili kililibadilisha, wakachagua jina linaloashiria kupungukiwa na uratibu wa akili. Kabla ya hapo, takriban asilimia 37 tu ya wagonjwa walikuwa wakielezwa ugonjwa wao. Katika muda wa miaka mitatu kiwango hicho kilifika karibu asilimia 70. Ugonjwa haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jina, na vinywa vikafunguka.

Kuna basi tasfida za aina mbili. Moja hufunga mazungumzo, kama 'mdudu'. Nyingine huyafungua, kama jina hilo jipya la Kijapani. Kipimo chake ni rahisi: je, neno hili linamfikisha mgonjwa kwa daktari au linamrudisha chumbani gizani?

Sisi wa Kiswahili tuna deni hapo. Mtu mwenye ugonjwa wa akili bado tunamwita kichaa, mwendawazimu au 'mtu wa Mathare', kana kwamba hospitali ni tusi. Mama wa Laini Saba hawezi kumpeleka mwanawe kliniki kwa jina ambalo majirani watalichekea mlangoni. Wataalamu wa istilahi, madaktari na sisi waandishi yafaa tukae pamoja tuunde majina sahihi yenye staha, kisha redio na magazeti yayazoeshe masikio ya watu. Ikiwa maneno huumba kweli, basi tuumbe yale yatakayomfanya mgonjwa aseme anaumwa wapi.