Sarafu ya tembo: pima kabla hujatoa mtaji

RUBAVU. Mama mmoja anayevusha nyanya kwenda Goma kila asubuhi kupitia Petite Barrière alinionyesha picha kwenye simu yake: sarafu ya rangi ya dhahabu, yenye tembo upande mmoja na mwaka 1916. Mwenye sarafu alitaka dola 300. Mama alikuwa nazo, lakini ndizo mtaji wake wote.

Sarafu ya namna hiyo ipo kweli. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilipokuwa chini ya Wajerumani, fedha ilikuwa rupia. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, Wajerumani walianza kutengeneza fedha zao Tabora, katika karakana ya reli. Mwaka 1916 walitoa sarafu za dhahabu za rupia 15, zipatazo 16,000 tu, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo Septemba 19. Leo iliyo halisi na yenye hali nzuri huuzwa mnadani kwa dola elfu kadhaa.

Lakini uzee peke yake haupandishi bei. Mwaka huo huo, karakana hiyo hiyo ilitoa zaidi ya sarafu milioni moja za hela 20, zisizo za dhahabu. Nyingi bado zipo, na ya kawaida haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya tembo. Vivyo hivyo noti ya Zaire milioni tano ya mwaka 1992: tarakimu ni kubwa, lakini zilichapishwa nyingi mno na nyingi zimebaki.

Jambo la pili ni hali ya kitu. Wamarekani hukusanya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa dola milioni 12.6, kwa kuwa pembe zake zilikuwa karibu kama siku ilipotoka kiwandani. Kadi hiyo hiyo ikiwa imekunjika haipati bei hiyo. Kwa sarafu, tundu lililotobolewa ili ivaliwe shingoni huishusha bei. Kuisugua kwa majivu au ndimu ili ing'ae pia huishusha, kwa hiyo iache na uchafu wake.

La tatu ndilo linalokula mitaji: uhalisi. Sarafu ya tembo inaigwa sana. Iliyo halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi. Shaba ya njano ni nyepesi kuliko dhahabu, hivyo nakala ya ukubwa ule ule huwa na zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo. Mizani ya sonara inatosha kwa hatua ya kwanza. Ikifaulu hapo, bado inahitaji jicho la mtaalamu. Na ukitafuta bei, tazama kiasi ambacho wanunuzi wamelipa mnadani, si kile ambacho wauzaji wanataja.

Mama alimwomba mwenye sarafu waende pamoja kwa sonara. Mizani ilisoma gramu 4 na ushei. Mwenye sarafu akashusha bei hadi dola 50, kisha 20. Mama alimwaga, akarudi Rubavu kununua nyanya za kesho yake.