Amana ya Mwalimu Sikujua na Moshi wa Lucky Summer

Juzi nilifika Lucky Summer, mashariki ya jiji la Nairobi, kumzuru binti yangu. Mtaa huu umepakana na Korogocho, na si mbali, ng'ambo ya mto, ndipo lilipo jaa la Dandora. Jaa hilo lilianza miaka ya 1970, na mwaka 2001 wakuu wa jiji wenyewe walikiri kuwa limejaa. Malori hayakukoma.

Tulipokwisha kuswali magharibi, upepo uligeuka. Binti yangu akafunga madirisha pasi na kusema neno, kama watu wa kwetu wanavyoanua nguo mvua ikitanda. Mjukuu wangu wa miaka minane akaniuliza, "Babu, na kwenu Mombasa kuna moshi kama huu?"

Nikamwambia ulikuwako. Kibarani, ukingoni mwa bahari, taka zetu zilifuka miaka na miaka, mpaka jaa likafungwa mwaka 2018 na pahali pake pakapandwa miti. Basi yawezekana.

La Dandora si moshi tu, msomaji. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yapo Nairobi hiyo hiyo, lilitangaza kuwa watoto 328 wa kandokando ya jaa walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi nyingi mno katika damu. Si risasi ya bunduki. Ni yale madini yaliyomo ndani ya betri na rangi za kale, nayo hudhuru akili ya mtoto, pengine kabla hajaijua alifu.

Usiku ule sikulala vyema. Nilimfikiri Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Alikuwa mshairi mwenyewe, ila kipaji chake alikitumia pia kukusanya tungo za mwingine, Muyaka bin Haji, aliyekufa miaka hamsini kabla yake. Padri Taylor wa Uingereza akaziandika na kuzifasiri pamoja naye, na mwaka 1940 zikatoka kitabu. Lau Mwalimu Sikujua angalisema "nitafanya kesho", leo tungalikuwa na nini cha Muyaka?

Nauliza hali nami nina deni. Nilipokuwa kijana, bibi mmoja jirani yetu alikuwa na tungo za harusi kifuani mwake, tele. Nilimwahidi kwenda na daftari. Ijumaa hii, Ijumaa ijayo. Nikamzika na tungo zake. Hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Asubuhi nikamwambia mjukuu wangu anieleze mto alivyouona: rangi yake, harufu yake, ndege wakubwa wanaosimama juu ya taka. Akacheka, akadhani namtania. Alipoona kalamu imeshika karatasi, akakaa kitako. "Andika kwanza, Babu," akasema, "maji yake ni meusi."