TP ya watu kumi, telefone tatu



Mwenye kuwa na mutoto ku iniversite ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua ile neno inafika ku telefone usiku: "Papa, unitumie mega, kama hapana batatosha jina yangu ku TP." Wazazi wengi wanafikiri ni pesa ya kuchezea. Wengine wanatuma, wananyamaza, na kesho pesa ya unga inakosekana. Leo tuseme wazi ile mambo ni nini, sababu inagusa mushahara wa mufanyakazi na diplome ya mutoto wake.

Kazi ya pamoja ni nini

TP ya leo haiko tena mutu moja na karatasi yake. Asista anagawa wanafunzi mu vikundi, watu kumi kumi, anatoa ulizo, na kikundi inatumika kupitia telefone. Wanafungua groupe ya WhatsApp, wanagawana sehemu, wanabishana, moja anaandika yote, na wanatuma mbele ya saa sita ya usiku. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, iniversite zetu ziliingia mu mupango wa LMD. Mu ile mupango, kredi haihesabu tu saa za kukaa mu oditwari. Inahesabu pia kazi mwanafunzi anafanya inje. Kwa hiyo kutumika na wenzake kupitia telefone haiko muchezo. Iko ndani ya masomo yenyewe.

Na ni kitu kizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye kuelewa anaeleza mwenzake, na kwa kueleza, yeye mwenyewe anaelewa zaidi. Sisi wa mu mine tulijifunza kazi vile vile, mukubwa akionyesha mudogo. Shida haiko kufanya pamoja. Shida ni kwamba watu kumi wako na jina ku karatasi, lakini wenye kuwa na telefone ya nguvu ni watatu tu.

Nani anabaki inje

Wa kwanza ni mwenye kukosa mega. Kama kikundi inakutana kwa video saa moja ya usiku, mega ya juma nzima inaisha siku moja. Mutoto wa mufanyakazi mwenye kontra ya kudumu anaweza kuvumilia. Mutoto wa mwenye kutumika kwa sutretansi, ao wa krezere ambaye juma hii hakupata kitu, anapotea mu groupe. Wenzake wanasema: "Huyu ni muvivu." Hapana, haiko uvivu. Ni mufuko wa baba yake.

Wa pili ni mwenye kukosa umeme. Line ya kutoka Inga mpaka Kolwezi iko na urefu wa kilometre karibu 1.700, na ilijengwa sababu ya mine. Inapita karibu na vijiji vyenye kulala mu giza, na mu kartie zetu pia umeme inakatika saa ile mutoto anataka kuanza kazi. Zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia inachimbwa kwetu. Inaingia mu betri ya telefone na ordinatere ya wanafunzi wa inchi zote. Lakini mutoto wa mwenye kuichimba anazunguka kartie akitafuta fasi ya kuchaji.

Wa tatu ni binti. Saa kikundi inakutana, njo saa ya kupika na kuosha wadogo wake. Na kama rezo iko tu pale ku barabara kubwa, mama gani atamuacha atoke usiku?

Wa ine ni mwanafunzi mwenye ulemavu. Kikundi ikitumika kwa sauti tu, mwenye kutosikia anabaki inje. Ikituma foto ya karatasi ya mukono, kipofu anabaki inje, sababu programu ya kusoma maandishi kwa sauti mu telefone yake haiwezi kusoma vizuri foto ya vile. Inchi yetu iko na sheria ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 yenye kulinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria ile inapashwa kufika mpaka ku TP.

Mwisho wake inakuwa nini? Mwenye ordinatere anafanya yote, wengine wanachanga pesa juu ya jina kubaki. Wote wanapata pointi sawa, lakini moja tu njo alijifunza. Ku examen, wengine wanaanguka, na wazazi wanalipa mwaka mara ya pili. Hata yule moja alipoteza, sababu hakujifunza kutumika na watu. Kesho atakuwa injiniere mwenye kuamuru bila kusikiliza, na sisi tunajua ile namna ya wakubwa inazaa nini mu kariere.

Kaye ya posti

Ku mine, watu wa posti ya usiku na watu wa posti ya asubui hawakai pamoja saa nane. Lakini kazi inaendelea. Mbele ya kutoka, shefu anaandika mu kaye: tulifika hapa, mashini hii iko na shida, muangalie pale. Mwenye kuingia anasoma, anaendelea. Wanafunzi wanaweza kufanya vile. Haiko lazima watu kumi wakutane saa moja kwa video. Asista atoe siku sita ao saba, na kila mutu aingie saa ile umeme na mega viko, asome kaye ya kikundi, aandike sehemu yake. Kutoka hapo kuko mambo ingine yenye kuomba pesa kidogo sana:

Kwanza, maandishi mbele ya video. Ukurasa moja ya maandishi inakula mega kidogo kabisa. Mwenye kutuma sauti aandike pia mistari mbili ya kueleza alisema nini. Mwenye kuwa na kitoshi tu apigiwe ao atumiwe mesaji. Yeye pia iko na kichwa.

Pili, kukamata kitu mara moja na kutumika bila rezo. Kuko programu ya masomo inaitwa Moodle, iniversite nyingi za dunia zinaitumia. Mu telefone, mwanafunzi anaweza kushusha somo pa fasi yenye wifi, kisha asome ku nyumba bila mega. Kuko Kiwix, yenye kuweka Wikipedia ya kifaransa mu telefone ao mu ordinatere, isomwe bila intaneti. Moja anashusha, wengine wanakopi kwa kadi ya memwari. Programu zote mbili hazilipishwi.

Tatu, kazi izunguke. Leo wewe unaandika, mimi natafuta, yule anahakikisha, mwingine anaeleza mbele ya asista. TP ingine, tunabadilisha. Mwenye ordinatere asikuwe shefu wa milele.

Ine, pointi zikuwe mbili: moja ya kikundi, moja ya kila mutu. Asista anauliza kila moja ulizo mbili kwa mudomo. Pale njo mwenye kununua jina anajulikana, na mwenye kutumika bila ordinatere naye anajulikana.

Tano, luga. Wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa kifaransa. Wengi wananyamaza mu groupe sababu wanaogopa kuchekwa, haiko sababu hawajui.

Na moja ya mwisho: jina ya mutu isitoshwe mbele asista hajamusikiliza. Hata ku kazi, hawakufukuze bila kukuuliza maelezo.

Na sisi je?

Bandugu, tusiache batoto peke yao. Kuko milango tunaweza kupiga.

Code minier ya mwaka 2018 inasema, mu redevance yenye kampuni inalipa, 15 % inaenda ku komini, sekta ao shefri yenye mine iko. Inasema pia kampuni iweke angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya watu wa pale, na kuko cahier des charges yenye wananchi wanajadiliana na kampuni. Kila mara tunaomba visima na masomo ya primere, na ni vizuri. Tuongeze chumba moja ya kusomea mu kartie: panneau solaire, wifi, ordinatere kumi, mulango yenye kufungwa vizuri, na mulinzi, juu ya mabinti watumike mpaka usiku bila woga. Chumba moja ile inasaidia vikundi mingi kuliko mega ya kila papa peke yake.

Ku meza ya sendika, tunapojadiliana juu ya masomo ya batoto, tusiishie ku minerval. Na tusisahau wa sutretansi. Mutoto wake na mutoto wangu wako mu kikundi moja. Wake akianguka, TP ya wangu pia inaanguka.

Kuko mwenye kusema: "Wakubwa hawatasikia." Tukumbuke RAM. Walikuwa wanakata yunite mu telefone zetu, hata za wanafunzi. Watu walisema, walisema tena, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Wadelege, mu mukutano yenye kuja muandike hii mambo ku ordre du jour. Wazazi, muulize batoto vikundi vyao vinatumika namna gani, na nani mu kikundi hana telefone. Wanafunzi, mupeleke zile sheria ku asista wenu, kwa heshima, kwa maandishi, na mutie sinyatire wote kumi.

Tukutane ku kazi.